Paka Wetu, Pesa Zetu na Ile Picha ya Altrasaundi

Naomba usicheke kwanza. Najua nikisema kwamba mimi na mume wangu tulimpeleka paka kupigwa altrasaundi, kuna watakaofunga ukurasa huu wakisema hawa wawili wamekosa kazi. Na kwa kweli mmoja wetu alikuwa hana kazi. Mume wangu alikuwa na miezi kumi na minne nyumbani tangu kampuni yao ipunguze wafanyakazi, na tulikuwa tunaishi kwa mshahara mmoja, wangu. Ndiyo maana habari hii naiandika kwenye kurasa za wapendanao. Ilianza na figo la paka ikaishia kwenye mfuko wetu, na kwenye mambo ambayo mimi na yeye tulikuwa hatujaambiana kwa zaidi ya mwaka.

MENEJA

Paka wetu anaitwa Meneja. Aliletwa na jirani ndani ya boksi la viatu, mwaka mmoja kabla ya harusi yetu, na jina alijipatia mwenyewe. Tangu akiwa mdogo alikuwa anazunguka nyumba nzima akikagua kila kitu, halafu anakwenda kulala bila kufanya kazi yoyote. Sasa ana miaka saba.

Si unajua tena maisha ya Dar. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi foleni, narudi saa mbili usiku nimechoka hoi. Meneja kwangu alikuwa mkia unaopita sebuleni. Lakini kwa mume wangu, katika ile miezi ya kukaa nyumbani, alikuwa mwenzake. Walikula pamoja mchana, wakasikiliza redio pamoja. Alijua Meneja anakunywa maji mara ngapi, analalia ubavu gani, na akikasirika anajificha wapi.

Kwa hiyo Jumatano moja niliporudi nikaambiwa, "Meneja anaumwa, hajala tangu jana," mimi nilimtazama nikaona paka amelala. Yeye alikuwa ameona mengi zaidi. Ametapika mara tatu. Amehamia chini ya kitanda, mahali ambapo huwa hakai. Supu ya dagaa, ambayo huwa anaidai kwa kelele, kaiacha.

"Naomba hela ya daktari," akasema.

Hilo neno "naomba" lilituumiza wote wawili. Mwanaume aliyekuwa analipa kodi ya nyumba bila kunionyesha hata risiti, leo ananiomba hela ya paka. Na mimi kichwani nina orodha: awamu ya kiwanja cha Goba, ada ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu yangu, gari linadai tairi mbili. Sikusema "paka tu". Lakini nilikaa kimya kidogo, na ukimya ndani ya ndoa unasikika vizuri sana.

NAMBA ILISEMA NUSU

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, tukaenda. Daktari wa wanyama, kijana mpole tu, akampima uzito, akambonyeza tumbo, akachukua damu. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi. Kuna uchafu wa mwilini unaoitwa kreatinini, ambao mafigo mazima huutoa kwenye mkojo. Wa Meneja ulikuwa umepanda juu sana kupita kawaida.

"Mafigo yake hayafanyi kazi inavyotakiwa," daktari akasema. "Lakini namba hii hainiambii yameanza lini wala kwa nini."

Akatueleza jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Kreatinini haipandi mapema. Figo lina akiba kubwa, na kwa kawaida namba huanza kupanda pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wote wa mafigo umeshapotea. Yaani paka anaweza kupoteza nusu ya nguvu ya mafigo yake huku anaruka ukuta kama kawaida, na wewe ukamwona mzima.

Halafu yakaja maswali. Ndani kuna maua ya lili? Hayo maua makubwa ya kwenye mashada ya harusi na Valentine ni sumu kali kwa mafigo ya paka: jani, ua, hata ile poda ya njano akijilamba, hata maji ya chombo cha maua. Kuna mtu alimpa dawa ya maumivu ya binadamu, diklofenaki au ibuprofeni? Amelamba ile dawa ya rejeta ya gari iliyomwagika chini? Anakwenda msalani na kukamua bila mkojo kutoka?

Yote alijibu mume wangu. Hapana, hapana, hapana, na mkojo jana ameuona, ila kidogo. Mimi nilikaa pembeni namtazama. Ilikuwa ni muda mrefu sijamsikia akizungumza na mtu kwa uhakika namna ile.

Mimi nikauliza swali langu la kihasibu. "Daktari, nikilipia dripu ya siku nne, nanunua nini hasa?"

Nilidhani ataudhika. Akatabasamu. "Dada, ndilo swali lenyewe. Kama mafigo yamekufa pole pole kwa miaka, dripu itampa nafuu ya siku chache, na mtabaki mnajiuliza mmelipia nini. Kama yameumia wiki hii, dripu inaweza kumrudisha. Na kama kuna kitu kimeziba, dripu peke yake inaweza isitoshe. Kwa damu pekee siwezi kuyatofautisha hayo matatu. Nataka nimpige picha kwanza."

Bei ya picha ilikuwa kama mafuta yangu ya gari ya wiki mbili. Dripu, dawa na kulazwa kwa siku nne ilikuwa zaidi ya mara tano ya hapo. Tukatazamana na mume wangu. Nikasema, "Tulipie picha. Halafu tutaamua."

NDANI YA CHUMBA CHENYE GIZA

Wengi wetu altrasaundi tunaijua kwa wajawazito. Kwa paka ni mashine hiyo hiyo kimsingi. Kwanza alinyolewa manyoya ya tumbo, kwa sababu hewa inayojificha katikati ya manyoya inazuia sauti isipite. Halafu akapakwa jeli. Taa zikazimwa. Mume wangu akamshika miguu ya mbele, akawa anamnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia, na Meneja, ambaye siku nyingine angemparua mtu, akatulia. Hakuna sindano ya usingizi iliyohitajika.

Kile kifaa anachopitisha daktari tumboni kinatuma mawimbi ya sauti ya juu mno, mamilioni ya mitetemo kwa sekunde. Hata masikio ya paka, ambayo yanasikia sauti nyingi tusizozisikia sisi, hayawezi kuyasikia. Sauti inagonga viungo na kurudi, na mashine inageuza mwangwi ule kuwa picha. Maji yanaonekana meusi, kwa sababu sauti inapita bila kurudi. Jiwe linang'aa jeupe na kuacha kivuli cheusi nyuma yake, kwa sababu sauti haiwezi kulipenya. Nyama za figo zenyewe ziko kwenye vivuli vya kijivu.

"Figo la paka mzima," daktari akasema huku anapima kwa vialama kwenye kioo, "lina urefu wa sentimita tatu hadi nne na kidogo. Hili la kulia, angalieni."

Sentimita 2.3. Ukingo wake una mabonde mabonde, na ile mistari inayotenganisha sehemu ya nje na ya ndani imefutika. Figo lililoumia karibuni kwa kawaida halifanani hivyo. Mara nyingi linabaki na ukubwa wake au linavimba. Lililosinyaa namna hii limeumia zamani.

"Hili halifanyi kazi tena," akasema. "Tangu lini siwezi kusema. Miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka."

"Mbona hakuumwa?" mume wangu akauliza.

"Subiri." Akahamishia kifaa upande wa kushoto. Hapo hata mimi nisiyejua kitu niliona. Sentimita 4.9. Na katikati, mahali ambapo mkojo unakusanyika kabla ya kuteremka, palikuwa na ziwa jeusi la upana wa milimita 15. Katika figo lisilo na shida mahali hapo ni mfereji mwembamba tu, aghalabu milimita mbili hivi au chini yake. Alipofuata ule mrija unaoshuka kuelekea kibofuni akakuta doa jeupe lenye kivuli nyuma. Jiwe. Lilikuwa kama milimita mbili. Ni dogo kuliko punje ya mchele, lakini tundu la mrija huo kwa paka halifiki hata nusu milimita.

Akaeleza pole pole. Inaonekana zamani figo la kulia liliziba, likafa polepole bila mtu kujua. La kushoto likachukua kazi yote, likakua, likafanya kazi ya mawili. Paka akaendelea kula, kucheza, kukagua nyumba. Wiki hii figo hilo hilo lililobeba kila kitu nalo limepata jiwe. Ndipo mwili mzima umeanguka kwa siku mbili. Madaktari wanaokuta hali hii huiita kwa maneno mepesi tu: figo kubwa, figo dogo.

"Kwa hiyo lile lililokuwa linafanya kazi," nikasema, "ndilo lilikuwa halionyeshi dalili."

"Ndiyo, dada. Linalobeba halilalamiki. Mpaka lizibe."

Sikusema kitu tena. Niliendelea kutazama lile ziwa jeusi kwenye kioo.

NDANI YA GARI

Tulimwacha Meneja kliniki, tukakubali kulipia siku tatu kwanza halafu picha ya pili. Sasa nilikuwa najua ninanunua nini: muda wa kujaribu kulilegeza jiwe moja ili figo moja lipone. Daktari hakutudanganya. Alisema paka wengi hawapati nafuu kwa dawa pekee. Marekani na Ulaya kuna upasuaji wa kuweka kijirija cha kudumu ndani ya mwili, mkojo ukatoka figoni na kufika kibofuni bila kupita pale palipoziba, lakini yeye hakuwa na vifaa hivyo. Alisema pia kwamba siku ya tatu picha ikiwa vile vile na damu ikizidi kuharibika, atatushauri tumpumzishe.

Kwenye foleni ya Mwenge, magari hayaendi, mume wangu akaniuliza swali ambalo halikuhusu paka.

"Kichwa bado kinakuuma?"

Kilikuwa kinaniuma kila jioni kwa miezi. Nilikuwa nameza panado kama karanga, naamka saa tisa usiku nahesabu hela. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu niliona ana mzigo wa kutosha. Na yeye hakuuliza, kwa sababu kila asubuhi aliniona nimependeza, nimevaa viatu virefu, natoka. Alidhani niko sawa. Kwa nje nilikuwa sawa kabisa.

Nikamwambia. Yote, mpaka ile orodha ya kichwani. Hakunikatisha.

Kisha akasema na yeye. Kumbe tangu miezi mitatu nyuma kuna mwalimu mmoja alimwomba afundishe hesabu jioni, wanafunzi wa kidato cha nne, na yeye akawa anapiga chenga. Hela ndogo. Aliona aibu kuniambia kwamba mhandisi mzima anakwenda kufundisha tuisheni kwa malipo ambayo mimi nayatumia kwenye chakula cha mchana.

Tukakaa kimya. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Lakini mke wangu, mimi sijasinyaa. Nimeziba tu."

Nilicheka mpaka machozi, dereva wa bajaji pembeni akatushangaa. Lakini aliongea kweli tupu. Kuna tofauti kubwa kati ya kilichosinyaa na kilichoziba. Kilichosinyaa huwezi kukirudisha. Kilichoziba unatafuta ni wapi pameziba, unapashughulikia, unasubiri. Kwa nje vyote viwili vinafanana: hakuna kinachotoka. Mimi kwa miezi kumi na minne nilikuwa na namba tu, mshahara mmoja badala ya miwili. Nilikuwa sina picha.

SIKU YA TATU

Nitakuambia ilivyokwenda, maana najua unataka kujua. Dripu ilipimwa kwa uangalifu, Meneja akiwekwa kwenye mizani kila siku, kwa sababu maji yakizidi na mafigo hayatoi, yanakwenda kujaa kwenye mapafu. Alipewa dawa ya maumivu na dawa ya kulegeza mrija. Damu ilipimwa mara kwa mara, hasa potasiamu, ambayo ikipanda sana inasimamisha moyo. Mume wangu alikwenda asubuhi na jioni kumlisha kwa kidole.

Jumapili picha ya pili. Lile ziwa la milimita 15 lilikuwa limeshuka hadi sita. Doa jeupe halikuwepo kwenye mrija. Daktari akalikuta kibofuni limetulia chini kama mchanga. Hakushangilia. Alisema, "Mmebahatika," akaendelea kupima.

Meneja hakurudi kuwa paka wa zamani. Kreatinini ilishuka lakini haikufika kwenye kawaida, na anaishi na figo moja lililojeruhiwa. Anakula chakula chenye majimaji. Nyumba yetu ina bakuli za maji kila kona. Kila baada ya miezi mitatu anapimwa damu na mkojo, na mara moja moja anapigwa picha, kwa sababu anayetengeneza mawe anaweza kuyatengeneza tena. Gharama hiyo sasa iko kwenye bajeti, mstari wake peke yake, na mlipaji ni hela ya tuisheni.

Kazini niliposimulia, mwenzangu mmoja akasema, "Dada, kuna wajawazito huko vijijini hawajawahi kuiona hiyo mashine." Ana haki ya kusema, na sina jibu la kumnyamazisha. Ninachojua ni kwamba fedha ile isingekwenda kijijini. Ingekwenda kwenye tairi. Na Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi, mimi na mume wangu tulikaa mezani na daftari, tukaandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, na nani anabeba nini. Mchango wa harusi ulipunguzwa. Kiwanja tuliomba kuongezewa muda. Kodi ya nyumba bado naibeba mimi, lakini sasa anajua uzito wake.

KAMA UNAFUGA PAKA

Machache niliyoyabeba kutoka kwa daktari, uyaweke kichwani:

Maua ya lili yasiingie kwenye nyumba yenye paka, hata kama ni zawadi ya mapenzi. Mpenzi wako mwambie alete waridi. Paka akilamba lili, usisubiri atapike. Mpeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu dripu ya mapema ndiyo inayookoa.

Usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu, hata robo ya kidonge.

Paka dume anayekwenda kukojoa mara kwa mara na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya saa chache, sio ya kesho.

Asiyekula siku nzima, anayetapika, anayejificha au aliyebadilisha unywaji wake wa maji, apimwe damu na mkojo. Na daktari akitaka picha, mwulize inakusudia kujibu swali gani. Altrasaundi inaonyesha umbo: ukubwa, maji, mawe, makovu. Haipimi figo linafanya kazi kiasi gani. Hiyo ni kazi ya damu na mkojo, na figo lenye sumu linaweza kuonekana zuri kabisa kwenye kioo. Vipimo hivi vinakwenda pamoja, kimoja hakimtoshi paka.

Na kama hufugi paka, lakini unaishi na mtu, nina moja tu. Kabla hamjagombana kuhusu hela ya tiba, lipieni kwanza hela ya kujua tatizo ni nini. Inaweza kuwa picha hospitalini, inaweza kuwa saa moja mezani na daftari. Halafu muulize mwenzako, hasa yule ambaye kila siku unamwona yuko sawa, anabeba nini. Muulize hata kama amependeza.